Chama Kilichozaliwa kwa Sababu ya Kiapo

Habari za Fianna Fáil, chama cha siasa cha Ayalandi, na maana ya jina lake

Msomaji mpenzi, mtu akikuuliza chama cha siasa huzaliwaje, utamjibu nini? Pengine utasema: watu hukutana, huchagua mwenyekiti na mwandishi, hutoa kadi, kisha huenda vijijini kuomba kura. Ni kweli, vyama vingi huanza hivyo. Lakini leo nataka nikusimulie habari za chama kimoja kilichozaliwa kwa sababu ya maneno machache ya kiapo. Kwa ajili ya maneno hayo ndugu walitengana, marafiki waliuana, na nchi nzima ya Wakatoliki ilimwaga damu yake yenyewe.

Nchi hiyo ni Ayalandi, kisiwa kilichoko magharibi ya Uingereza, nchi ya Mtakatifu Patrisi. Huenda unaijua kwa mapadre na masista waliotoka huko, maana wengi wao walikuja Afrika ya Mashariki kufundisha dini, kujenga shule na kuuguza wagonjwa. Chama chenyewe kinaitwa Fianna Fáil. Usihangaike na maandishi yake. Kwa midomo yetu hutamkwa karibu na “Fiana Fol”.

JINA LILITOKA WAPI?

Tuanze na jina, maana jina jema lina historia ndani yake.

Wazee wa Ayalandi walikuwa na hadithi nyingi za kusimulia usiku wakiota moto. Katika hadithi hizo kulikuwa na kikosi cha mashujaa walioitwa Fianna. Hawakukaa mjini. Waliishi porini, wakiwinda wanyama na kuilinda nchi na maadui. Mkuu wao aliitwa Fionn mac Cumhaill. Wanasimulia kwamba Fionn alipokuwa kijana alimtumikia mzee mmoja mshairi, aliyekuwa amevua samaki miaka saba katika mto Boyne akimtafuta samaki wa hekima. Hatimaye alimpata, akamwambia kijana amwoke, lakini asimwonje hata kidogo. Kijana akatii. Ila alipokuwa akimgeuza samaki motoni aliungua kidole gumba, akakitia kinywani kukipoza. Papo hapo hekima yote ya samaki ikamwingia yeye, na mzee akabaki na samaki mtupu!

Kuingia katika kikosi hicho hakukuwa rahisi. Hadithi husema kwamba mtu alisimamishwa ndani ya shimo mpaka kiunoni, akapewa ngao na fimbo tu, na watu tisa wakamtupia mikuki. Akijeruhiwa, harudi tena. Pia alipaswa kukimbia msituni bila kuvunja hata kijiti kikavu chini ya mguu wake. Tena ilimpasa kujua mashairi, kwa kuwa shujaa asiyejua maneno ya wazee hakuhesabiwa kuwa shujaa.

Hilo ndilo neno la kwanza, Fianna. La pili ni Fál. Katika wilaya ya Meath kuna kilima kiitwacho Tara, ambapo wafalme wa zamani walitawazwa. Juu ya kilima hicho liko jiwe lililosimama wima mpaka leo, nalo huitwa Jiwe la Fál. Watu wa kale walisema kwamba mfalme wa haki akilikanyaga, jiwe hupiga kelele. Asiye wa haki akilikanyaga, hunyamaza kimya. Kwa ajili ya jiwe hilo washairi waliiita nchi yote kisiwa cha Fál. Basi Fianna Fáil maana yake ni Mashujaa wa Fál, yaani mashujaa wa Ayalandi. Waingereza hulitafsiri jina hilo kuwa “Askari wa Majaliwa”. Tafsiri hiyo ni nzuri masikioni, lakini haituonyeshi jiwe wala kilima.

Wala jina halikutoka katika hadithi moja kwa moja hadi kwenye chama. Mwaka wa 1909 Bibi Constance Markievicz alisaidia kuanzisha chama cha vijana kilichotumia jina la Fianna. Mwaka wa 1913 wanaume wa Ayalandi waliunda jeshi la watu wa kujitolea, na katika beji za kofia zao walitia herufi mbili, FF. Kwa hiyo kila Mwayalandi aliyesikia jina hilo alikumbuka mambo mawili pamoja: hadithi za bibi yake, na vijana waliokufa kwa ajili ya nchi.

MZIZI WA UGOMVI

Sasa tuje kwenye kiapo. Uingereza ilikuwa imeitawala Ayalandi kwa mamia ya miaka. Mwaka wa 1916, Jumatatu ya Pasaka, watu wachache wenye silaha waliiteka Posta Kuu ya mji wa Dublin na mahali pengine, wakatangaza Jamhuri. Walishindwa kabla ya juma kwisha. Viongozi 15 walipigwa risasi, na mmoja akanyongwa London baadaye. Wananchi ambao mwanzoni hawakuwapenda waasi, walipoona wanauawa mmoja baada ya mwingine, mioyo yao iligeuka.

Mmoja wa makamanda wa siku ile alihukumiwa kufa, lakini hukumu ikabadilishwa akafungwa. Jina lake Éamon de Valera. Alizaliwa New York mwaka wa 1882, mama yake Mwayalandi, baba yake Mhispania. Akiwa mtoto wa miaka miwili alipelekwa Ayalandi, akalelewa na bibi yake katika kijiji cha Bruree. Akiwa kijana alisoma katika shule ya Blackrock ya Mapadre wa Roho Mtakatifu, shirika lile lile lililofungua misioni ya Bagamoyo mwaka wa 1868. Baadaye akawa mwalimu wa hesabu. Alikuwa mtu mrefu, mkavu wa maneno, mwenye kupima kila neno kama mwuza dhahabu apimavyo dhahabu. Kumbuka tabia yake hiyo, maana ndiyo kiini cha habari hii.

Katika uchaguzi wa 1918 chama cha Sinn Féin, maana yake “Sisi Wenyewe”, kilipata viti 73 kati ya 105 vya Ayalandi. Wabunge wake hawakwenda London. Mwezi wa Januari 1919 walikutana Dublin, wakaanzisha bunge lao, na mwaka ule ule wakaapa kuitumikia Jamhuri ya Ayalandi. Vita na Waingereza vilidumu mpaka Julai 1921. Kisha wajumbe walikwenda London, na tarehe 6 Desemba 1921 wakatia sahihi mkataba.

Mkataba ule ulizipa wilaya 26 kati ya 32 serikali yao wenyewe, iliyoitwa Dola Huru. Wilaya 6 za kaskazini zilibaki kwa Uingereza. Lakini neno lililochoma zaidi lilikuwa hili: kila mbunge aape kuwa mwaminifu kwa katiba ya Dola Huru, na pia kwa Mfalme wa Uingereza.

Hapo ndipo ugomvi ulipoanza. Michael Collins, aliyekuwa mmoja wa wajumbe, alisema mkataba huu si uhuru wote, bali ni njia ya kuufikia uhuru wote. De Valera na wenzake wakakataa. Je, mtu aliyekwisha kuapa kwa Jamhuri mbele ya Mungu, ataapaje tena kwa mfalme? Bunge likapiga kura Januari 1922: 64 wakaukubali mkataba, 57 wakaukataa. Tofauti ni kura saba tu.

NDUGU KWA NDUGU

Mwezi wa Juni 1922 bunduki zililia tena, na mara hii hakukuwa na Mwingereza mbele yao. Waliokuwa wamejificha pamoja katika zizi moja sasa walitafutana ili wauane. Collins mwenyewe aliuawa mwezi wa Agosti, katika wilaya yake ya Cork. Mwezi wa Oktoba Maaskofu waliandika barua kwa waamini wote, wakawahukumu waliopigana na serikali, hata wakawanyima Sakramenti wasipoacha. Familia ngapi ziligawanyika mbele ya altare, msomaji, Mungu ndiye ajuaye.

Nikupe mfano mmoja tu. Kevin O’Higgins alifunga ndoa mwaka wa 1921, na msimamizi wake arusini alikuwa rafiki yake Rory O’Connor. Mwaka mmoja baadaye O’Higgins alikuwa waziri wa Dola Huru, na O’Connor alikuwa mfungwa wake. Tarehe 8 Desemba 1922, sikukuu ya Bikira Maria Mkingiwa Dhambi ya Asili, O’Connor na wenzake watatu walipigwa risasi kwa amri ya serikali, bila kuhukumiwa. O’Higgins naye alikuwa mmoja wa mawaziri waliokubali. Mwezi wa Februari 1923 watu wa upande wa pili walimwua baba yake O’Higgins nyumbani kwake.

Vita vilikwisha Mei 1923. Upande wa de Valera ulishindwa. Serikali ilikuwa imewaua kwa hukumu zaidi ya watu 70. Walioshindwa waliendelea kujiita Sinn Féin, wakachaguliwa, lakini hawakukubali kuingia bungeni kwa sababu ya kile kiapo. Basi walikaa nje, hawana bunduki wala kura ya kutunga sheria.

KURA TANO NA CHAMA KIPYA

De Valera akaanza kufikiri. Mwezi wa Machi 1926 aliwaambia wenzake katika mkutano mkuu: kama kiapo kikiondolewa, na tuingie bungeni, hapo haitakuwa tena jambo la imani, bali jambo la mashauri tu. Padre mmoja mwanasiasa, Michael O’Flanagan, akasimama kumpinga. Kura zikapigwa: 223 kwa padre, 218 dhidi yake. De Valera alishindwa kwa kura tano, akajiuzulu.

Inasimuliwa kwamba alitaka kuiacha siasa kabisa, na kwamba kijana Seán Lemass ndiye aliyemsihi aanzishe chama kingine. Tarehe 16 Mei 1926 wakakutana Dublin katika jumba la La Scala, hatua chache tu kutoka ile Posta Kuu ya 1916. Mwenyekiti wa mkutano alikuwa Bibi Markievicz, yule wa chama cha vijana. Kuhusu jina hawakupatana mara moja. De Valera alilipenda jina la Fianna Fáil kwa sababu ya beji za 1913. Lemass alitaka jina lililo wazi, Chama cha Jamhuri. Mwisho wakayashika yote mawili: Fianna Fáil mbele, Chama cha Jamhuri nyuma.

Madhumuni yao yalikuwa kuiunganisha Ayalandi yote, kuifufua lugha ya Kiayalandi, kuwapa ardhi wakulima wadogo, na kuifanya nchi ijitegemee. Kisha wakafanya kazi ambayo wengi huidharau. Walizunguka na magari makuukuu, wakaenda parokia kwa parokia, wakiwatafuta wapiganaji wa zamani na kufungua tawi kila mahali. Michango waliikusanya milangoni pa makanisa Jumapili, watu wakitoka Misa. Shilingi ya mkulima ndiyo iliyokijenga chama.

KITABU NA KALAMU

Mwezi wa Juni 1927 Fianna Fáil ilipata viti 44, ikakaribia serikali yenye viti 47. Wabunge wake wakaenda bungeni. Wakaambiwa: kwanza kiapo. Wakakataa, na milango ikafungwa.

Tarehe 10 Julai, siku ya Jumapili, Kevin O’Higgins alikuwa akienda kwa miguu kusali Misa katika kanisa la Booterstown. Alikuwa peke yake. Watu watatu wakampiga risasi njiani. Aliishi saa chache tu baada ya hapo, na katika saa hizo aliwasamehe waliomwua. Nyumbani aliacha binti mchanga. Siku tano baadaye Bibi Markievicz naye alifariki, katika wodi ya maskini kama alivyotaka.

Serikali ikaogopa kwamba vita vitarudi. Ikaleta sheria: hakuna atakayeruhusiwa kugombea uchaguzi asipoahidi kwanza kwamba ataapa. Sasa de Valera alibanwa. Akikataa, chama chake kitakufa, na vijana wake watarudia bunduki. Akikubali, atakula matapishi yake.

Mwezi wa Agosti 1927 alikwenda bungeni. Kwa maelezo yake mwenyewe, alimwambia karani kwamba haapi kiapo chochote. Anaandika jina lake tu ili apate ruhusa ya kuingia. Biblia iliyokuwa juu ya kitabu akaiondoa, akaiweka mbali. Maneno ya kiapo akayafunika kwa karatasi. Kisha akatia sahihi. Alisema maneno yale ni matupu, hayana maana.

Je, msomaji, alikosa au hakukosa? Hapo ndipo penye mzigo wa habari hii. Sisi tumefundishwa katika katekisimu kwamba kiapo si mchezo, kwa kuwa mwenye kuapa humwita Mungu awe shahidi, na Amri ya Pili yakataza kulitaja jina lake bure. Basi wengine walisema de Valera alifanya vema, maana hakumwita Mungu shahidi, aliiondoa Biblia, na alitangaza wazi kwamba haapi. Wengine wakasema: kuandika jina chini ya kiapo ni kuapa, hata ukifunika maandishi kwa mikono miwili.

Lakini swali lililouma zaidi lilitoka kwa wajane na mayatima. Waliuliza: ikiwa maneno yale yalikuwa matupu mwaka wa 1927, je, yalikuwa na maana gani mwaka wa 1922? Na kama yalikuwa matupu wakati ule, waume zetu walikufa kwa ajili ya nini? Swali hilo halikujibiwa vizuri na mtu yeyote. Waayalandi wameendelea kubishana juu yake miaka mingi.

Mimi sitamhukumu mtu aliyekwisha kufika mbele ya Mwenyezi Mungu. Nasema hili tu: ikiwa sahihi ile ilikuwa ya aibu, ilizuia damu. Na kama angeliona jambo hilo miaka mitano mapema, pengine makaburi mengi yasingalichimbwa.

YALIYOFUATA

Mwezi wa Februari 1932 Fianna Fáil ilipata viti 72 na kuunda serikali. Watu wengi waliogopa siku ya kukabidhiana madaraka. Yasemekana wabunge wengine waliingia na bastola mifukoni. Lakini W. T. Cosgrave, kiongozi wa wale walioshinda vita, akatoka kwa amani, akawaachia nchi wale aliowashinda kwa silaha. Hilo ni jambo kubwa kuliko ushindi wa vita.

Mwezi wa Juni mwaka ule ule Wakatoliki wa dunia walikutana Dublin kwa Kongamano la Ekaristi. Karibu watu milioni moja walisali Misa ya mwisho katika Phoenix Park. De Valera, ambaye miaka kumi nyuma wenzake walinyimwa Sakramenti, ndiye aliyempokea Kardinali Lauri, mjumbe wa Baba Mtakatifu. Mwaka wa 1933 kiapo kikafutwa kwa sheria, bila risasi hata moja. Mwaka wa 1937 nchi ikapata katiba mpya.

Mwaka ule wa 1933 wapinzani wake nao waliungana kuwa chama cha Fine Gael. Nao ndio waliokuwa wakiiongoza serikali Jamhuri ilipotangazwa rasmi, siku ya Jumatatu ya Pasaka 1949! Yaani ile njia ya polepole aliyoisema Collins ilifika, na ile Jamhuri aliyoitaka de Valera ilikuja kwa mkono wa wapinzani wake. De Valera mwenyewe alikuwa Rais tangu 1959 mpaka 1973, akafariki 1975.

Chama hakikukaa juu siku zote. Baada ya hazina ya nchi kutikisika mwaka wa 2008, uchaguzi wa 2011 ulikiachia viti 20 tu, kutoka 77 vya uchaguzi uliotangulia. Tena mwezi wa Juni 2020 likatokea jambo ambalo mababu wasingalilisadiki: Fianna Fáil na Fine Gael, watoto wa pande mbili za vita vile, wakaingia katika serikali moja pamoja na chama cha tatu.

MISA YA BOOTERSTOWN

Nimebakiza jambo moja, nalo ndilo napenda ulisimulie nyumbani jioni ya leo.

Yule binti mchanga wa Kevin O’Higgins alikua, akaitwa Una O’Higgins O’Malley, akatumia maisha yake akitafuta amani katika kisiwa chao. Mwaka wa 1987, miaka 60 baada ya baba yake kuuawa, aliomba Misa isomwe katika kanisa lile la Booterstown ambalo baba yake hakulifikia. Misa hiyo haikuwa ya kumwombea baba yake peke yake. Aliomba isomwe pia kwa ajili ya wale watu watatu waliomwua, wakatajwa pamoja mbele ya altare moja.

Basi msomaji, katika kijiji chetu huenda kuna nyumba mbili zisizosalimiana kwa ajili ya kura, au mpaka wa shamba, au neno lililosemwa zamani na wazee waliokwisha kufa. Kila nyumba ina sababu zake, na huenda sababu hizo ni nzuri. Waayalandi nao walikuwa na sababu nzuri, pande zote mbili. Jumapili ijayo, utakapokwenda Misa, waweza kumtaja kwa jina mtu wa nyumba ile ya pili.